Reli ya Shaba na Mabega ya Watu

Sisi wa Mabanga tunajua uzito wa jiwe. Basi tukumbuke wale waliobeba mawe ya shaba katika inchi ya Katanga.

Zamani, kule Kalukuluku, wazee walichimba mawe ya kijani, wakayabeba ndani ya vikapu, wakayayeyusha na kumimina shaba kwa umbo la msalaba. Hiyo ilikuwa feza yao. Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière iliundwa. Mgodi ule uliitwa Étoile. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Tawi lake likaunganisha mgodi na tanuru. Mwaka 1911 ilitoka shaba ya kwanza, karibu tani 1000.

Walakini reli haikuondoa mzigo mabegani. Vigari vilijazwa kwa koleo na vijana walioandikwa mbali. Miaka ya 1920 wengine walitoka hata Ruanda-Urundi. Wengi walikufa kwa magonjwa. Waliobaki walisikilizana kwa Kiswahili, kikawa lugha ya kazi, kisha ya watoto wao. Njia iliyotengenezwa kwa ajili ya mawe ilikutanisha watu. Tusihesabu tani peke yake. Tuhesabu na jasho lao.