Daftari, Alama na Jukwaa: Maandalizi ya Uchaguzi wa Wabunge Tanzania, 1965

1.0 Utangulizi

Historia ya uchaguzi barani Afrika imeandikwa zaidi kwa kuangalia washindi na walioshindwa. Maandalizi yenyewe, yaani daftari la wapiga kura, karatasi ya kura, kituo, kisanduku na ratiba ya mikutano, huchukuliwa kuwa kazi ya makarani isiyohitaji kufikiriwa sana. Insha hii inapinga mtazamo huo. Kwa kuchunguza uchaguzi wa wabunge uliofanyika Tanzania Bara mwezi Septemba 1965, ikiulinganisha na zile zilizoutangulia, insha inadai kwamba maandalizi ndiyo yaliyoamua raia ni nani, anachagua nini, na uamuzi wake unaishia wapi. Swali la uhuru wa mpiga kura lilijibiwa kwa sehemu kubwa kabla siku ya kura haijafika.

2.0 Daftari: nani ahesabiwe?

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanywa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, kila awamu ikihusisha majimbo 5. Aliyetaka kuandikishwa alipaswa kuwa na umri wa miaka 21 na kutimiza sharti la ziada: kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au elimu ya darasa la nane, au kushika wadhifa unaotambuliwa na serikali. Katika nchi ambayo walio wengi waliishi kwa jembe la mkono, masharti hayo yaliwaacha nje karibu watu wote. Walioandikishwa hawakufika hata 60,000 kati ya wakazi wanaokaribia milioni 9.

Aidha, kila mpiga kura alilazimika kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia na moja kwa Mzungu. Aliyeacha nafasi moja wazi, kura yake iliharibika. Utaratibu huo ulitungwa ili kulinda uwakilishi sawa wa makundi yasiyolingana hata kidogo kwa idadi. Katika mkutano wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958, wajumbe wengi walitaka uchaguzi ususiwe. Julius Nyerere aliwashawishi washiriki, na Zuberi Mtemvu akajitenga na kuunda chama chake. Ni vyema kutambua kwamba mgogoro huo uliokaribia kukigawa chama haukuhusu lengo la uhuru, ambalo wote walikubaliana nalo. Ulihusu fomu ya uandikishaji na karatasi ya kura.

Katika uchaguzi wa Agosti 1960 masharti yalilegezwa. Kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza kulitosha kumwandikisha mtu, na daftari likapanuka hadi kupita watu 800,000. Hata hivyo, katika viti 71, viti 58 havikuwa na mpinzani. Watu walijiandikisha, lakini siku ilipofika wengi wao hawakuwa na mtu wa kumchagua. Hapo ndipo lilipozaliwa tatizo ambalo wapangaji wa mwaka 1965 walijaribu kulitatua: daftari pana halina maana iwapo kisanduku hakifunguliwi.

3.0 Alama: jembe na nyumba

Januari 1964 Rais Nyerere aliteua tume, chini ya uenyekiti wa Rashidi Kawawa, kupendekeza namna ya kuunda demokrasia ndani ya chama kimoja. Taarifa ya tume hiyo ndiyo iliyozaa Katiba ya Muda ya 1965. Kwa majimbo 107 ya Bara, ilikubaliwa kwamba wagombea wawili wa TANU washindane katika kila jimbo. Zanzibar haikupiga kura ya majimbo. Wajumbe wake waliingia bungeni kwa kuteuliwa.

Huu ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa wabunge nchini uliowahusisha watu wazima wote bila sharti la mali wala elimu. Zaidi ya watu milioni 3 waliandikishwa. Wengi wao hawakujua kusoma, na kwa kuwa wagombea wote wawili walitoka chama kimoja, bendera ya chama isingeweza kuwatofautisha. Ufumbuzi ulikuwa alama mbili zilizotumika nchi nzima: jembe na nyumba. Kila mgombea alipewa moja, nayo ikachapishwa kwenye karatasi ya kura.

Alama hizo zilichaguliwa kwa sababu zilifahamika na kila mtu na hazikuegemea kabila, dini wala eneo. Kwa njia hiyo mkulima asiyejua herufi aliweza kupiga kura yake mwenyewe kwa siri, bila kumnong'oneza karani jina la amtakaye. Ikilinganishwa na mwaka 1958, hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, wagombea hawakuchelewa kuzipa alama hizo maana. Mwenye jembe aliwakumbusha wasikilizaji kwamba bila jembe hakuna chakula. Mwenye nyumba naye akauliza mkulima hurudi wapi jua likizama. Kitu kilichokusudiwa kuwa kitambulisho tu kikageuka kuwa hoja.

4.0 Jukwaa: nani aseme, na aseme nini?

Mgombea alianza kwa kudhaminiwa na wapiga kura wa jimbo lake. Kisha Mkutano Mkuu wa TANU wa Wilaya uliwapigia kura waombaji wote, na Halmashauri Kuu ya Taifa ikawa na neno la mwisho juu ya wawili watakaosimama. Kwa kawaida wawili wa kwanza walikubaliwa, lakini Halmashauri ilikuwa na uwezo wa kubadili mpangilio huo, na mara chache iliutumia.

Kampeni nazo ziliendeshwa na chama. Wagombea walisafiri pamoja, wakapanda jukwaa moja na kugawiwa muda sawa. Hawakuruhusiwa kuandaa mikutano yao binafsi, kutumia fedha zao, kutaja kabila, dini au rangi, wala kudai kwamba Rais anawaunga mkono. Lugha ya jukwaani ilikuwa Kiswahili pekee. Kanuni hizi zilimlinda maskini dhidi ya tajiri, na mtu wa kabila dogo dhidi ya wa kabila kubwa. Lakini kanuni hizo hizo zilifunga mlango kwa yeyote aliyetaka kuihoji sera ya chama. Kilichobaki kujadiliwa ni sifa za mtu: ni nani atakayewasikiliza watu, na ni nani aliyewasahau.

Wapiga kura walilijibu swali hilo bila woga. Mawaziri wawili na manaibu kadhaa walishindwa, pamoja na wabunge wengi waliokuwa wakitetea viti vyao. Miongoni mwao alikuwa Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyepata jina kwa kuongoza ushirika wa wakulima wa pamba kanda ya Ziwa. Wakati huohuo, katika kura ya Rais iliyokuwa ya ndiyo au hapana, zaidi ya watu milioni 2.5 walimkubali Nyerere, na zaidi ya 90,000 walimkataa.

5.0 Hitimisho

Matokeo hayo mawili, yakisomwa pamoja, yanaonyesha kazi iliyofanywa na maandalizi. Mpiga kura wa 1965 aliweza kumwondoa waziri, lakini hakuweza kuiondoa serikali. Daftari lilimpokea bila kumuuliza mali wala cheti. Alama ilimpa siri yake. Jukwaa ndilo lililomwekea mpaka. Kwa hiyo, kuuita uchaguzi huo huru kabisa ni kusahau chujio la uteuzi, na kuuita mchezo wa kuigiza ni kuwadharau waliotembea mwendo mrefu hadi kituoni na kuwaangusha wakubwa wao.

Funzo kwa mwanahistoria ni kwamba anapouchunguza uchaguzi wowote asiishie kuuliza nani alishinda. Aanze na fomu ya kuandikishwa, aiangalie karatasi ya kura, kisha aulize ni nani aliyepanga ratiba ya mikutano.