Timu Iliyozaa Shule

Ukimuuliza mzazi wa Kibera au wa Kawangware kwa nini mwanawe hayumo katika kilabu chochote shuleni, mara nyingi atakujibu: "Nimempeleka kusoma, si kucheza." Ni maneno ya mtu anayejua uchungu wa karo, na simlaumu. Kandanda, maigizo, mijadala, jarida la shule, hata chama cha wanafunzi Waislamu kinachotafuta chumba cha kuswalia adhuhuri, vyote huonekana ni mambo ya ziada, ya kufanywa masomo yakiisha na pesa zikibaki. Sasa hebu tuitazame shule moja ya sekondari hapa hapa Kibera ambayo mambo yake yalikwenda kinyume na hivyo. Timu ilitangulia, shule ikafuata nyuma yake.

Kibera unaijua. Ni mtaa ulioanza na askari Wanubi wa King's African Rifles, waliowekwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20 palipokuwa bado ni msitu. Neno lenyewe Kibra ni msitu kwa Kinubi. Wavulana kucheza mpira mtaani ni jambo la kila jioni, hakuna anayeuliza. Jioni ya msichana, lakini, ina wenyewe: maji yachotwe, wadogo waogeshwe, chakula kiwe tayari, na mwezi wa Ramadhani kuna futari pia. Mwaka 2002 Abdul Kassim, mzaliwa wa Kibera, alianzisha timu ya kandanda ya wasichana, ili nao wapate saa chache zao wenyewe.

Timu ina jambo moja ambalo ofisi nyingi hazina: lazima watu wahesabiwe. Wakitakiwa kumi na mmoja na wakaja tisa, kila mtu anajua nani hayupo, na mtu atakwenda kubisha mlango kwao. Na sababu za kutokuja Kibera ni zile zile tunazozijua sote. Huyu karo imemshinda, yule ameanza kufua nguo za watu, mwingine ana mimba, mwingine ameshaolewa.

Kumbuka hali ilivyokuwa miaka ile. Januari 2003 serikali mpya ya Rais Kibaki ilifuta karo katika shule za msingi za umma, na watoto wakafurika madarasani. Alhamdulillahi, lilikuwa jambo kubwa. Lakini neema hiyo iliishia darasa la nane. Serikali ilianza kulipia masomo ya sekondari za kutwa mwaka 2008 tu, na hata hapo sare na chakula vilibaki juu ya mzazi. Kwa hiyo kwa miaka mitano hivi msichana aliweza kumaliza msingi bure kisha akasimama mbele ya mlango uliofungwa. Na katika nyumba yenye kaka na dada, si unajua karo ya kwanza humwendea nani.

Abdul Kassim akaona kwamba mpira peke yake hautoshi. Mwaka 2006 ilifunguliwa Kibera Girls Soccer Academy, sekondari ya wasichana isiyotoza karo. Ilianza na wanafunzi 11 na walimu wawili wa kujitolea. Kumi na mmoja! Ni kama timu moja tu imeingia darasani bila wachezaji wa akiba.

Haikuwa peke yake. Mwaka 2001 Salim Mohamed, muuguzi Tabitha Festo na Mmarekani Rye Barcott walianzisha Carolina for Kibera, yenye ligi ya vijana. Timu zilitakiwa zichanganye makabila, na kusafisha mtaa kulikuwa sehemu ya mchezo, mtindo uliojulikana tayari kule Mathare kupitia MYSA. Wengine huenda waliona sharti la makabila ni urembo tu, mpaka Januari 2008, baada ya uchaguzi, Kibera ilipowaka moto na reli ikang'olewa. Hapo kumjua kijana wa kabila lingine kwa jina na kwa namba ya jezi halikuwa jambo dogo.

Na ukivuka Ngong Road ukapita Kawangware hadi jirani yake Kangemi, utakuta hadithi ya namna hiyo hiyo, ila huko ni maigizo. Miaka ya tisini mwigizaji Anne Wanjugu aliwakusanya watoto wa mitaani akawafundisha kuigiza, na kutokana na kundi hilo kukawa na Shangilia, makao na masomo.

Najua swali la baadhi yenu, hasa akina mama: na heshima ya binti yetu? Ni swali la haki, na kwa muda mrefu wakubwa wa mpira walilifanya gumu zaidi. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki kwa sababu ya hijabu tu. Marufuku ililegezwa mwaka 2012, na Machi 2014 hijabu ikaruhusiwa rasmi uwanjani. Kwa hiyo muulize mwalimu anayesimamia ni nani, mazoezi yanaisha saa ngapi, binti atarudi na nani. Shule ikishindwa kukujibu, mrudishe nyumbani. Lakini uliza kwanza, usikatae kabla hujauliza, maanake binti asiyehesabiwa popote jioni hakuna atakayejua siku aliyokosa kuja.

Wale 11 wa mwaka 2006 baadaye wakawa zaidi ya 100. Wengi wao si wachezaji, kuna waliovutwa na sanaa na kuna waliotaka vitabu vyao tu. Jina la soka limebaki pale pale.