Kutoka Gome la Mkwinini hadi Chembe za Fedha

Katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale, tangu zamani watu hutibu homa kwa majani, magome na mizizi. Mubirizi, ule mti mdogo wenye majani machungu, wajulikana na kila mama. Siku hizi twasikia habari mpya: wataalamu huchemsha majani ya namna hii, na kwa maji yake hutengeneza chembe ndogo mno za fedha ziuazo vijidudu. (Twasema fedha ya madini, si noti za sokoni.) Habari hii ni ya kweli, lakini si dawa bado. Ili tuielewe, yafaa kwanza tukumbuke habari ya mti mwingine.

Mkwinini si mti wa kwetu. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako gome lake lilitumiwa kutibu homa. Mwaka 1820, mjini Paris, mabwana Pelletier na Caventou walifaulu kutoa ndani ya gome kitu chenyewe kinachoponya, yaani kwinini. Wazungu wakapanda mkwinini kwa wingi kisiwani Java, hata karibu kwinini yote ya dunia ikatoka huko. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, dawa ikaadimika. Lakini Wabelgiji walikuwa wamekwisha panda miti hiyo katika Kivu, na Masisi nayo ikawa na mashamba yake. Mwaka huohuo mjini Bukavu ilianzishwa kampuni ya Congokina, ambayo baadaye iliitwa Pharmakina. Basi gome la Kivu likawa dawa papa hapa Kivu.

Kazi kubwa ya wale mabwana wa Paris ilikuwa nini? Gome lilikuwa likiponya kabla yao. Walichotupa ni kipimo. Mti mmoja una kwinini nyingi, jirani yake una kidogo. Mgonjwa akipewa kidogo, homa yamshinda. Akipewa nyingi, masikio yavuma na kuziba, na moyo waweza kuharibika.

Fedha nayo ni dawa ya zamani. Mwaka 1881 Daktari Credé wa Leipzig, Ujerumani, alieleza jinsi alivyotia tone la nitrati ya fedha machoni mwa watoto wachanga. Kabla ya hapo karibu watoto 10 katika 100 waliozaliwa hospitalini mwake walipata ugonjwa wa macho uletao upofu. Baadaye hakufika hata mmoja katika 100. Dawa hiyo ilienea katika vyumba vya kuzalia duniani kote, mpaka zilipopatikana dawa nyingine zisizowasha macho.

Na chembe zenyewe? Mwaka 1857, huko London, Bwana Faraday alionyesha kwamba dhahabu ikigawanywa kuwa chembe ndogo sana majini, huacha rangi yake ya manjano, ikawa nyekundu kama divai. Milimita moja ukiigawa mara milioni, kila sehemu huitwa nanometa. Chembe hizi hazizidi nanometa 100, ambapo unene wa unywele ni maelfu mengi ya nanometa. Kwa muda mrefu zilitengenezwa kwa dawa kali za maabara. Kisha mwaka 2004 wataalamu wa Pune, India, akina Sastry, walieleza jinsi walivyofanya kazi ile kwa maji ya majani ya mwarobaini.

Njia yenyewe ni rahisi ajabu. Maji ya majani hutiwa katika nitrati ya fedha, na baada ya muda rangi hugeuka kuwa kahawia. Vitu vilivyomo ndani ya majani hugeuza fedha iliyoyeyuka kuwa chembe, kisha huzizunguka zisigandamane. Chembe zikiwekwa penye vijidudu, hutoboa ngozi yao na kuharibu kazi ya ndani.

Lakini vijidudu vya sahani si mtoto mwenye homa. Majani ya kiangazi si sawa na ya masika, wala ya mlimani Masisi si lazima yalingane na ya msituni Walikale. Kwa hiyo chembe nazo hutofautiana, na kipimo chapotea. Tena anywaye fedha muda mrefu, ngozi yake hugeuka rangi ya majivu ya samawati, isirudi tena. Mwaka 1999 serikali ya Marekani ilikataza kuuza maji ya fedha kama dawa bila uthibitisho. Anayekuja kijijini na chupa ya maji ya kahawia, akidai huponya malaria, asinunuliwe.

Sisi twatamani zaidi kuona kazi hii ikifanywa Kivu kwenyewe, kama ilivyokuwa kwa gome. Kasiterite ya Walikale na koltani ya Rubaya, huko Masisi, hutoka zikiwa ghafi, na vita vya tangu miaka ya 1990 vimewafukuza wengi waliojua majani na mahali yaotapo. Mapatano ya Nagoya ya mwaka 2010, ambayo Kongo imeyakubali, yataka mtaalamu aombe ruhusa kwanza, na wenyeji wapate sehemu ya faida. Basi mzee wa Walikale akiulizwa jani lake, naye ana haki ya kuuliza litapelekwa wapi.