SOMO LA HISTORIA: MBUNG'O NA VICHAKA VYA SHINYANGA

Leo ujifunze habari za adui mdogo aliyewanyima watu wa Shinyanga malisho yao, na jinsi alivyoshindwa.

Adui huyo ni mbung'o. Akitua hulaza mabawa yake moja juu ya jingine, kama makasi yaliyofungwa. Dume na jike wote hunywa damu. Akiwa na vijidudu, huwaambukiza ng'ombe nagana, na watu malale.

Angalia anavyozaa. Nzi wa jikoni hutaga mayai mengi. Mbung'o hatagi. Humlea mtoto mmoja tumboni kwa maziwa, kisha humzaa akiwa funza, kila baada ya siku 9 au 10 hivi. Funza hujichimbia katika udongo wa kivulini, na baada ya mwezi hivi hutoka mbung'o kamili. Basi, huzaa polepole, tena hutaka kivuli. Huo ndio udhaifu wake.

Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi Afrika Mashariki. Mahali pengi malisho yaligeuka vichaka, na mbung'o wakaingia. Miaka ya 1920, Waingereza wakitawala Tanganyika, watemi wa Shinyanga waliwaita watu wao. Maelfu walikwenda na mashoka, wakafyeka vichaka. Mwongozi wa kazi alikuwa Bwana Swynnerton, mchunguzi wa mbung'o, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Mbung'o alikosa kivuli, ng'ombe wakarudi.

Lakini ushindi ule ulikuwa na gharama. Miti ilizidi kukatwa, kwa mashamba na kuni pia, hata ardhi ikabaki wazi na udongo ukachukuliwa na mvua. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Watu wakafufua ngitili za wazee wao, yaani malisho yanayofungwa ili yapumzike.

Unguja mbung'o alimalizwa kwa njia nyingine. Kati ya 1994 na 1997 waliachiliwa madume wengi waliofanywa tasa. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani; akimpata dume tasa, hazai. Hapo shoka halikuwa silaha kuu.

Wewe wa Samuye, jadili na wenzako: Mbung'o akirudi leo, utaanza na shoka, au utaanza kwa kuzijua tabia zake?