Hamisha Majina Kwanza

Mwaka 1996 kampuni ya Palm ya Marekani ilitoa Pilot, kompyuta ya mfukoni ya kutunzia anwani na miadi. Kabla ya kuiunda, Jeff Hawkins alitembea na kipande cha ubao mfukoni, akijifanya anakiandikia, ili ajue kifaa chenyewe kifanye kazi gani. Baadaye simu zikaichukua kazi hiyo, na wenye Pilot wakatafuta mbadala. Mbadala ulikuwapo, hatari ilikuwa kwingine. Kumbukumbu za Pilot zilitegemea betri mbili ndogo: zikiisha kabisa, majina yote hufutika, isipokuwa yale yaliyonakiliwa kwenye kompyuta. Basi, nawe unayebadili kifaa leo, hamisha majina kwanza, ndipo uende dukani.