Mama akianza matibabu ya saratani ya matiti: Mambo 7 ya familia kupanga mapema

Majibu ya kipimo cha kinyama yakitoka na daktari akasema ni saratani ya matiti, ndugu hujaa sebuleni. Wengine wanalia, wengine wanamtaja mganga wanayemjua. Swali moja huwa linasahaulika: nani atamsindikiza mama wiki ijayo, na tena wiki tatu baada ya hapo?

Matibabu haya ni marefu. Baada ya upasuaji, au hata kabla yake, wengi hupewa dawa za mshipa, maarufu kama kemo, mara nyingi kila baada ya wiki mbili au tatu kwa miezi kadhaa. Mionzi kwa kawaida ni siku tano kwa wiki, wiki kadhaa mfululizo. Wengine humeza vidonge vya homoni miaka mitano au zaidi. Dozi ikirukwa kwa kukosa nauli tu, ugonjwa unapata nafasi ya kurudi juu.

Kwa familia za Vwawa na vijiji vya Mbozi, haya ndiyo ya kupanga.

1. Safari

Vwawa ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Songwe. Juu yake kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kama kilomita 70 kwa barabara. Kwa mionzi, wagonjwa wengi wa nyanda za juu kusini wamekuwa wakienda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, karibu kilomita 900 kutoka nyumbani.

Muulizeni daktari mapema: matibabu gani, wapi, mara ngapi? Andikeni kwenye daftari. Kama kuna ndugu Dar wa kumpokea, aambiwe wiki kadhaa kabla, maana mgonjwa wa mionzi anaweza kuhitaji pa kulala kwa muda mrefu.

2. Hela

Nauli, chakula na malazi ya mgonjwa na msindikizaji ndivyo vinavyomaliza mfuko kimyakimya. Mwenye bima aulize inalipia nini na inafika hospitali ya ngazi gani, kisha ahakikishe kadi haiishi katikati ya matibabu.

Asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kuuza shamba. Huko ndiko maombi ya msamaha wa gharama yanakoshughulikiwa. Barua ya serikali ya mtaa au kijiji inasaidia.

Michango ya ukoo, kanisa au kikoba itunzwe na mtu mmoja, na mwingine aandike. Hapo ugomvi hauna pa kuanzia.

3. Homa si ya kusubiri

Hili ndilo la hatari kuliko yote. Kemo hushusha kinga ya mwili, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Joto likifika nyuzi 38 au zaidi, au mgonjwa akitetemeka kwa baridi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Msiseme "ni malaria tu" mkanunua mseto dukani. Wala panadol isitumike kuficha homa ili kungoja kukuche. Nunueni kipimajoto, na namba ya bodaboda wa kuaminika iwe kwenye simu ya kila mtu mzima nyumbani.

4. Chakula

Ugali ukimshinda, apewe kidogokidogo mara nyingi: uji, viazi, ndizi, maharage, mayai yaliyoiva vizuri, maziwa yaliyochemshwa. Harufu ya kukaanga ikimtibua, apikaye akapikie mbali naye. Mdomo ukiwa na vidonda, asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Mitishamba yoyote atajiwe daktari kwanza, kwani mingine hugongana na dawa.

5. Mkono na kazi za shamba

Tezi za kwapani zikiondolewa, mkono wa upande huo unaweza kuvimba, hata miaka baadaye. Ndoo ya maji, jembe na gunia la kahawa viwe vya mtu mwingine kwanza. Msimu wa kuchuma ukikaribia, ukoo upange nani atasimama shambani badala yake. Mazoezi mepesi aliyofundishwa hospitali yasiachwe, na mkono ukivimba au kuwa mwekundu, arudi kwa daktari.

6. Usafi wa siku mbili

Saratani haiambukizi. Mama akumbatiwe, ale na wenzake. Lakini kwa saa 48 hivi baada ya kemo, mabaki ya dawa hutoka kwenye mkojo, choo na matapishi. Anayesafisha avae glavu na anawe kwa sabuni. Nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake.

7. Mume na watoto

Nywele zikidondoka au titi likiondolewa, mwanamke anahitaji kusikia kwa mumewe kwamba yeye bado ni mke. Watoto waambiwe ukweli kwa maneno ya umri wao: mama anaumwa, anatibiwa, hawakumsababishia wao. Nywele kwa kawaida huota tena dawa zikiisha.

Anayeuguza naye ni mtu

Mara nyingi mzigo wote humwangukia binti mmoja. Wekeni zamu, naye apate siku ya kulala na kwenda kwenye shughuli zake. Na kwa kuwa hatari huongezeka mama au dada akiugua, mabinti na dada zake waende kituo cha afya wakachunguzwe matiti. Uvimbe ukigunduliwa mapema, safari huwa fupi zaidi.