Kifahamu Kichwa cha Treni ya Mvuke Na. 5505, Kumbukumbu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Kichwa cha treni ya mvuke Na. 5505, kilichohifadhiwa katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, Kenya, ni cha daraja la 55 la lililokuwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Vichwa vya aina hiyo vilitengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, kwa agizo la Idara ya Vita ya nchi hiyo, kwa ajili ya reli zenye upana wa milimita 1,000.

Agizo hilo lilikuwa la vichwa 20, na vingi vilipelekwa India na Burma, ambako askari wa Afrika Mashariki, wakiwemo wa Tanganyika, walipigana dhidi ya Japani mwaka 1944. Viwili viliingia kazini katika Reli ya Kenya na Uganda mwaka 1945. Mwaka 1946 Reli ya Tanganyika ilipata vinne kutoka Burma, na mwaka 1952 vikaongezwa vitano, idadi ikafikia 11.

Muundo wake huitwa Garratt. Boila moja hubebwa kati ya fremu mbili za magurudumu, kila fremu ikiwa na silinda zake. Uzito husambaa kwenye magurudumu mengi, hivyo kichwa huvuta shehena kubwa hata juu ya reli nyepesi zenye kona.

Kwa wananchi wa Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, historia hiyo ina upande wa pili. Septemba 1914, majeshi ya Wajerumani yalipovuka Mto Songwe kushambulia Karonga, eneo hilo halikuwa na reli. Katika vita hivyo, risasi na chakula vilibebwa mabegani na wapagazi. Maelfu yao kote Afrika Mashariki walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, na wengi hawakuandikwa majina.

Reli ilifika Mbeya kwa ujenzi wa TAZARA, yenye kilometa 1,860, uliofanyika kati ya mwaka 1970 na 1975. Upana wake ni milimita 1,067, hivyo vichwa vya daraja la 55 visingeweza kupita humo. Kutoka Kyela hadi kituo cha Mbeya, mizigo husafirishwa kwa barabara.